Gazeti Lililokwenda na Baiskeli

Msichana aliyekuja kutafuta magazeti alinikuta kibarazani kwa binti yangu, hapa Buhongwa, nachambua maharage. Alivua viatu kabla hajakaribishwa, akakunja magoti kidogo kama wafanyavyo wasichana waliolelewa, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umepotea au umefika?"

"Nimefika, babu, kama wewe ndiye mhariri."

Neno hilo sikuwa nimeitwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilimsogezea kigoda. Akaeleza kwamba anazunguka vijiji vya kando ya ziwa akikusanya magazeti madogo ya miaka ile ya kisomo cha watu wazima, yale tuliyoyachapa wenyewe vijijini, kabla mchwa hawajayamaliza. Hayachukui. Anayapiga picha kwa simu na kuwaachia wenyewe. Kijijini kwetu alikuwa ameyakuta machache kwenye sanduku la katekista mmoja mstaafu, na huko ndiko alikoambiwa mhariri bado yu hai na anaishi mjini kwa binti yake.

"Kilichonileta hasa ni hiki," alisema, akiifungua simu. "Barua ya mama mmoja. Babu, nimesoma barua nyingi za wakati ule. Nyingi zinaanza na salamu na kuishia na salamu. Hii nimeisoma ndani ya basi nikalia mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa. Nataka nimwone huyu mama, kama yupo."

Alinyoosha simu. Sikuhitaji miwani. Niliijua ile herufi ya "g" iliyokuwa ikiruka juu ya mstari, kwa sababu mashine ile ya chapa ilikuwa yangu. Barua yenyewe ilisema hivi:

"Mimi ni mama wa kijiji hiki. Mtoto wangu aliugua homa. Kwa kuwa sikuwa na elimu, nilikaa naye nyumbani nikimpa dawa za kienyeji. Nilipoamua kumpeleka zahanati nilikuwa nimechelewa, akafia mgongoni mwangu njiani. Sasa ninasoma kisomo na nimelitambua kosa langu. Funzo: Akina mama, mtoto akishikwa na homa msikae naye nyumbani kama nilivyokaa mimi."

Binti yangu alikuwa ametoka jikoni, anajifuta mikono kwenye khanga. Alisomea begani mwa mgeni.

"Mama wa wapi huyo?" aliuliza.

Nikasema, "Ni mama yenu."

Mke wangu alifariki mwaka jana, kabla ya mvua za vuli. Tulimzika kijijini. Binti yangu aliikamata ile simu kwa mikono miwili kama anayepokea sahani ya moto.

"Baba! Mama aliandika gazetini, na hamkutuambia? Na dole gumba lote lile alilokuwa anaweka kliniki badala ya sahihi! Nikimwambia, mama, andika hata herufi moja, ananiambia kalamu inamuuma vidole."

"Aliandika vizuri sana," mgeni alisema. "Ujasiri wa kujisema hivyo mbele ya watu, siku zile!"

Walitaka nizungumze. Niliinamia maharage, nikatoa kijiwe, kisha kingine. Chai ikaja. Nilikunywa nao, wakamsifu marehemu, wakanisifu na mimi kwa kumfundisha, na sikusema kitu. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho juu yake. Nilikuwa nimeuanza zamani.

*

Gazeti letu lilikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Lilitoka mara moja kwa mwezi, kama karatasi zimepatikana. Nilikuwa mhariri, mwandishi, mpiga chapa na msambazaji, na jioni nilikuwa mwalimu wa kisomo. Yote hayo nilipewa kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani. Wenzangu waliomaliza walibaki mjini.

Ofisi yangu ilikuwa chumba cha nyuma cha ghala la ushirika, pamoja na magunia na panya. Habari nilizipiga chapa kwenye stensili, karatasi laini ya nta ambayo herufi huitoboa. Kurudufu ilikuwa lazima niende makao makuu ya tarafa, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mashine ilikuwa moja na vijiji vilikuwa vingi, kwa hiyo tuliitumia kwa zamu. Yetu ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Ukiikosa unangoja Alhamisi ya kwanza ya mwezi mwingine.

Tulikuwa pia na kanuni moja tuliyotoka nayo kwenye semina: kila habari lazima iishie na funzo. Gazeti ni la kuelimisha, tuliambiwa, halichapwi kwa kusimulia tu. Basi ng'ombe akipotea, mwishoni naandika: Funzo, fungeni mifugo yenu. Timu yetu ikifungwa: Funzo, vijana wafanye mazoezi mapema. Mzee mmoja aliniletea barua ya kuwashukuru majirani waliomzikia mkewe, na mimi nikaweka chini yake: Funzo, tushirikiane katika kazi za kujitegemea. Alipoisoma alisema, "Mwalimu, hilo la chini sikulisema mimi." Nikamweleza kwamba ndivyo magazeti yanavyoandikwa. Akaondoka bila kubisha. Nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na nilikuwa na kalamu ya wino mwekundu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike. Alikuwa ametimiza miaka mitatu. Kama desturi ya kwetu, tangu mtoto azaliwe, mke wangu aliitwa kwa jina lake, Mama Fulani, na baada ya mtoto kufa jina hilo halikumwacha. Kijiji kilimwita hivyo hadi siku ya kumzika. Majina siyaandiki humu. La mtoto nililifuta mwenyewe gazetini kwa wino mwekundu, kama nitakavyoeleza, na sijioni na haki ya kuliandika leo.

Alishikwa na homa Jumatano. Alhamisi alfajiri nilipotoa baiskeli nje, mke wangu alikuwa tayari amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, amejifunga khanga ya pili juu.

"Tupakie," alisema. "Zahanati si iko njia hiyo hiyo?"

Ilikuwa njia hiyo hiyo. Zahanati ilikuwa karibu na pale penye mashine, huko huko tarafani. Lakini kwenye keria nilikuwa nimeshafunga rimu za karatasi, na juu yake boksi la stensili, ambazo zikikunjwa zimeharibika.

"Utakaa wapi?" nilimwambia. "Keria imejaa. Hiyo ni homa tu. Kesho nikirudi nitampeleka mwenyewe."

"Jana jioni hakunywa hata uji."

"Mkande maji. Zamu ikipita, mwezi mzima umekwenda."

Alizitazama zile rimu. "Karatasi haziumwi," alisema.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa sababu lilikuwa neno la kuchekesha, na alikuwa na maneno kama hayo. Nikapanda. Mtoto alipenda kengele ya baiskeli. Akiisikia jioni hukimbia mlangoni kunipokea. Kwa hiyo nilipoondoka niliipiga mara mbili ili afurahi, na sikugeuka kuona kama amefurahi.

Kazi ya kurudufu iliendelea hadi jioni, nikalala huko. Ijumaa nilirudi na magazeti keriani, wino haujakauka sawasawa. Karibu na daraja la mbao nilimwona mbele yangu. Alikuwa anatembea kuelekea nyumbani. Mtu anayempeleka mtoto zahanati angekuwa anakuja upande wangu, na jambo hilo nilipaswa kulielewa nikiwa bado mbali. Mimi nilipiga kengele.

Hakugeuka.

Nilimfikia, nikashuka. Mtoto alikuwa amefunikwa uso. Alikuwa amengoja Alhamisi nzima na usiku wake, na Ijumaa asubuhi alipoona homa haishuki akaamua kwenda kwa miguu. Hakufika nusu ya njia.

"Lete nimbebe," nilisema.

"Sasa?" alisema.

Hilo tu. Akaendelea kutembea. Nilimfuata hadi nyumbani nikisukuma baiskeli, na magazeti yakiwa yamefungwa keriani. Hata kuyashusha sikukumbuka.

*

Watu wa kijiji walijua nilikuwa safarini. Kwamba aliniomba nimpakie hakuna aliyejua. Yeye hakusema, na mimi sikusema.

Miezi ilipita. Kwenye kisomo niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika barua kwa gazeti. Mke wangu alikuwa mwanafunzi kama wengine, akikaa benchi la nyuma pamoja na wanawake wa jirani, akitaniwa kwamba analala na majibu ya mtihani. Barua za gazeti zilitumbukizwa kwenye kopo kubwa la samli lililotundikwa mlangoni pa ghala. Siku nilipolifungua, nilikuta ndani yake kurasa mbili za daftari zilizokunjwa mara nne, na mwandiko wa penseli niliokuwa nimeufundisha mwenyewe. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Alitembea hadi ghalani kuniletea.

Ningependa kuiandika hapa yote, lakini siikumbuki yote. Nilichobaki nacho ni hiki, na sikipangi:

"Ndugu mhariri. Mimi ni mama yake," halafu jina la mtoto. "Alikuwa anaogopa bata. Alikuwa anataka ukoko wa ugali kabla ya ugali. Siku ile alisema maji nikampa, akasema siyo hayo, anataka ya ziwani. Nilimbeba. Kwenye yale mawe mawili ya njiani aliacha kunishika. Mgongo ulijua kabla mimi sijajua. Sikusimama kwa sababu ningesimama ningelazimika kumfungua."

Katikati kulikuwa na mambo mengine, nadhani juu ya sauti yake, sina uhakika. Mwisho wake ninaukumbuka neno kwa neno:

"Naomba kumuuliza mhariri, gazeti lile lililokwenda na baiskeli lilikuwa na habari gani?"

Niliisoma nikiwa nimesimama kati ya magunia. Ningeweza kuirudisha nyumbani na kumjibu. Ningeweza kuiacha isichapwe. Niliogopa njia zote mbili, nikafanya la tatu, nikaketi nayo mezani na kalamu nyekundu. Nilijiambia nasahihisha. Nilifuta jina. Nilifuta bata na ukoko kwa kuwa havikuwa na faida kwa msomaji. Nilifuta baiskeli. Kwa kuwa barua ilitakiwa kuishia na funzo, na funzo hudai mkosaji, na baiskeli haikuwamo tena, alibaki mtu mmoja tu wa kubeba kosa. Nikaandika kwamba hakuwa na elimu. Nikaandika dawa za kienyeji ambazo hakumpa. Kosa la kupanga herufi nimelifanya mara nyingi na silihesabu. Hili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, kwa Kiswahili safi.

Kurasa zake za penseli nilikwenda nazo tarafani. Matambara yalikuwa haba, na desturi yetu ilikuwa kufuta wino wa mashine kwa karatasi zilizokwisha kunakiliwa. Niliifuta mashine kwa barua yake, nikaitupa pamoja na nyingine.

Bwana elimu wa tarafa alisoma nakala ikiwa bado mbichi. "Hii," alisema, akiigonga kwa kidole, "ndiyo barua tunayoitaka."

Siku za ununuzi wa pamba nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti nje ya ghala, kwa ajili ya wasiojua kusoma, huku watu wakingoja mizani kwenye foleni na marobota yao ya pamba. Lilikuwa jambo la furaha. Watu walinitania.

"Mwalimu, paza sauti! Wengine pamba imetuingia hadi masikioni!"

"Soma kwanza la mpira!"

"La mpira la nini, mmefungwa tena!"

Nilimwona kwenye foleni, ameweka robota lake chini na kulikalia. Nilikuwa na nafasi ya kuiruka barua ile. Niliisoma kwa sauti ile ile ya bwana elimu, na nilipofika kwenye funzo nikatua kidogo kama tulivyofundishwa.

Hakuna aliyeuliza mama huyo ni nani. Katika kijiji chetu mwaka ule alikuwa mmoja tu ambaye mtoto alimfia mgongoni. Walimgeukia. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yake, mwenye moyo mwema kabisa, alimshika mkono akamwambia, "Mayu, mama yangu, kumbe ulikaa naye. Kwa nini ulikaa naye?"

Mke wangu alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama juu ya kreti, gazeti mkononi. Kisha aliinuka, akajitwika robota, akatoka kwenye foleni aliyokuwa ameingia tangu asubuhi.

Nyumbani nilimkuta anasonga ugali. Nilikaa. Nilingoja aseme, na nilikuwa nimeandaa maneno juu ya faida ya gazeti kwa jamii.

"Maji ya kunawa yako nyuma yako," alisema.

Hakurudi kisomoni. Hakushika tena penseli wala kalamu, mbele yangu wala mbele ya mtu mwingine ninayemfahamu. Miaka arobaini na zaidi tuliyoishi baada ya hapo, hakuitaja barua ile, na hakuniuliza tena swali lake. Aliniambia kuhusu mvua, dagaa, ada za watoto, bega lake lililomuuma. Tulicheka hata. Nilijidanganya kwamba mtu anayecheka amesahau.

*

Wiki mbili baada ya ziara ile tulikwenda kijijini, mgeni, binti yangu na mimi. Mgeni alikuwa amesikia kwamba nyumba yetu ya zamani ukuta wake umebandikwa magazeti.

Ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata ule wa barua, mke wangu aliniambia, "Nipe hayo magazeti yaliyobaki niyabandike ndani, upepo wa ziwani unapita kwenye nyufa." Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Nilifurahi sana. Nilimletea bunda zima, nikamkorogea mwenyewe uji wa muhogo wa kubandikia, nikaona kwamba amenisamehe, kwa kuwa anayachukua magazeti yangu kwa mikono yake. Kila baada ya miaka michache sebuleni tulibandika mengine juu ya yale yaliyochakaa. Chumba cha kulala alikibandika peke yake na hakutaka kibandikwe upya.

Mpwa wangu anayekaa pale alitufungulia. Mgeni alianza kupiga picha sebuleni, akifurahia kila tangazo. Binti yangu aliingia chumbani. Kitanda chetu cha kamba kilikuwa bado pale pale.

"Mama alilala upande huu?" aliuliza.

Ndiyo, upande wa ukutani. Mwanamume hulala upande wa mlango, ndivyo tulivyofanya wote. Miaka yote hiyo niliupa ukuta mgongo, na kabla hajazima taa alikuwa ameshusha chandarua. Sijawahi kukaa upande wake hata siku moja.

Nilikaa. Mahali alipoweka kichwa ukuta ulikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele, na juu kidogo ya doa, usawa wa macho ya mtu aliyelala ubavu, kulikuwa na ukurasa mmoja uliobandikwa peke yake, umenyooka, pembe zake zote nne zimekandamizwa vizuri. Nilisoma kichwa cha habari ya kwanza nikaujua. Ulikuwa wa Alhamisi ile.

Aliubandika mwenyewe, mahali ambapo mimi nisingeuona na yeye asingeacha kuuona. Alikuwa anajua kusoma, nilimfundisha mimi. Jibu la swali lake alilipata, akalitazama hadi tulipomhamishia mjini kwa matibabu.

Binti yangu alinikuta nimeweka kiganja ukutani. "Baba, unaumwa?"

Niliwaambia wote wawili pale pale, bila kupanga. Keria. Zamu. Daraja. Kopo la samli. Barua aliyoandika na barua niliyoichapa. Mgeni aliishusha simu. Niliposema kwamba kosa lile halikuwa lake hata kidogo, binti yangu alikaa chini sakafuni, akaegemea mlango.

"Lakini mama mwenyewe aliniambia," alisema.

"Alikuambia nini?"

"Nilipojifungua wa kwanza. Na alirudia alipokuwa hospitali. Aliniambia, mwanangu, mtoto akipata homa usikae naye nyumbani kama nilivyokaa mimi. Alisema dada yenu alikufa kwa sababu yeye alichelewa. Nilimwambia mama, hukujua. Akasema, nilijua, niliambiwa."

Yalikuwa maneno yangu. Funzo langu, karibu neno kwa neno, kutoka kinywani mwake akiwa anakufa.

Sijui kama aliyaamini. Labda kwa kusomewa mbele ya kijiji, kisha kwa kutazamwa hivyo na majirani mwaka hadi mwaka, aliishia kuyaamini. Labda hakuyaamini, alilificha tu kosa langu kwa watoto wangu. Binti yangu anasema la pili. Nadhani anasema hivyo kwa kunihurumia, na huruma hiyo pia ameirithi kwa mama yake.

Alilia muda mrefu. Alipomaliza hakunigusa wala hakuondoka. Aliuliza tu, "Jina la dada lilikuwamo kwenye barua yake?"

"Lilikuwamo. Mstari wa kwanza."

"Basi lirudishe."

Nilimwomba mgeni aifute ile picha ya barua ya uongo. Alitikisa kichwa, kwa upole. "Siwezi, babu. Gazeti lilishatoka. Wenye nakala wanazo. Ninachoweza ni kuweka maelezo pembeni yake, ukiniandikia."

Haya ndiyo maelezo. Jina nimemwandikia yeye kwenye karatasi tofauti, liwekwe pale lilipokuwa, mstari wa kwanza. Barua ile iliyomliza ndani ya basi isitajwe tena kuwa ya mke wangu. Aliyeiandika ni mimi. Mke wangu aliandika juu ya bata na ukoko wa ugali, nami barua hiyo niliifutia wino wa mashine.

Kisha kuna swali lake, ambalo mhariri hajalijibu. Ukurasa ule hautoki ukutani, uji wa muhogo umeushika, tulijaribu na ncha ya kisu ukaanza kuchanika. Kwa hiyo niliunakili kwa mkono nikiwa nimekaa upande wake wa kitanda.

Mama yake, gazeti lile lilikuwa na habari hizi. Choo cha shule kimefikia usawa wa kuezekwa. Mbegu za pamba zitagawiwa ghalani, kila mtu aje na gunia lake. Timu yetu imetoka sare bila kufungana. Mwenyekiti anawakumbusha wanaoosha vyombo ziwani wasitupe majivu penye maji ya kunywa. Na fahali wa kijivu, pembe moja imevunjika, amepotea tangu Jumatatu, atakayemwona atoe taarifa.

Fahali yule alirudi zizini mwenyewe siku ile ile ya Alhamisi. Niliporudi na gazeti, alikuwa ameshapatikana.